Taa ya Tatu

Katika taa zote za nje za gari, ya breki ndiyo ambayo dereva haioni ikiwaka. Taa za mbele anaona mwanga wake barabarani. Indiketa ina mshale unaopepesa na kulia kwenye dashibodi. Hata taa ya rivasi ataiona ikigonga ukuta anaporudi nyuma kuegesha. Ya breki huwaka mgongoni kwake kwa ajili ya mtu asiyemjua, na ikiungua, katika magari mengi tunayoendesha, hakuna kinacholia wala kumulika mbele yake. Anaweza kumaliza miezi akidhani anasema na walio nyuma, kumbe ameshakuwa bubu.

Nilianza kuifuatilia taa hii mwaka 2015, baada ya kusoma habari ya mtu aliyeuawa kwa risasi Marekani katika tukio lililoanza na taa ya breki isiyowaka. Sikuielewa hesabu hiyo. Nikataka kujua taa hiyo imetoka wapi, inafanyaje kazi, na ilikuwaje ikawa sababu ya askari kumsimamisha mtu. Historia yake haifiki hata miaka mia moja na hamsini, na sehemu ya mwanzo wake ina mwigizaji wa filamu.

Florence Lawrence alizaliwa Hamilton, Kanada, mwaka 1886. Kabla ya 1910 alikuwa mtu aliyejulikana mno kwa sura na asiyejulikana kwa jina. Kampuni za filamu bubu hazikuwa na desturi ya kuwataja waigizaji, kwa hiyo watazamaji walimwita tu Binti wa Biograph, kwa jina la kampuni iliyomwajiri. Kisha mfanyabiashara wa filamu Carl Laemmle alimchukua. Ikaenea habari kwamba amegongwa na tramu na kufa, kisha Laemmle akatangaza kwa mbwembwe kwamba huo ni uongo: Florence Lawrence yu hai, na sasa yuko kwake. Wengi humhesabu kuwa nyota wa kwanza wa filamu aliyeuzwa kwa jina lake mwenyewe. Umaarufu ukaleta pesa, pesa ikaleta gari, wakati ambapo mwanamke kwenye usukani alikuwa bado jambo la kutazamwa.

Barabara za siku hizo zilikuwa na lugha moja tu, mkono. Dereva aliyetaka kupunguza mwendo aliutoa nje na kuupandisha na kuushusha, ishara ambayo shule za udereva zinaifundisha mpaka leo ingawa ni nadra kumwona mtu akiitumia. Lawrence anatajwa kuwa ndiye aliyebuni, mnamo 1914, vifaa viwili vya kuupumzisha mkono huo. Kimoja kilikuwa bendera ya ishara iliyopandishwa kwa kitufe. Cha pili kilikuwa kibao chenye neno STOP kilichochomoza nyuma ya gari breki ilipokanyagwa. Hakusajili hataza. Mama yake, Charlotte Bridgwood, alisajili wipa ya umeme mwaka 1917, naye hakutajirika nayo. Lawrence alifariki Desemba 1938 na kuzikwa Los Angeles, katika kaburi ambalo halikuwekewa jina hadi 1991.

Tunaosafiri mikoani kwa basi tunakijua kibao hicho kwa sura nyingine. Lori likiharibika Kitonga, utingo hukata matawi na kuyapanga barabarani, mita kadhaa nyuma ya lori na mengine mbele zaidi, na kila dereva anayeyaona hushusha gia bila kuuliza. Matawi yanafanya kazi. Lakini lazima mtu akumbuke kwenda kuyakata, na lazima lori liwe limeshasimama. Ndiyo maana naona kwamba alichokitia Lawrence katika kibao chake kilikuwa kikubwa kuliko neno lenyewe: alikifunga kwenye pedeli. Dereva hakuhitaji tena kuamua kumwambia aliye nyuma. Tendo la kusimama na taarifa ya kusimama vikawa kitu kimoja.

Kilichobaki kilikuwa umeme. Magari mengi ya mwanzo yalimulika kwa gesi au mafuta ya taa, na injini iliwashwa kwa kuzungushwa kwa hendeli. Mwaka 1912 Cadillac ilitoa gari lenye staata ya umeme, kazi ya Charles Kettering na wenzake wa Delco. Staata ilitaka betri kubwa, betri ikataka jenereta ya kuichaji, na gari likajikuta lina umeme wa kutosha kuwasha taa. Kuchukua waya hadi nyuma na kutia balbu mahali pa kibao hakukuwa tena kazi ya mvumbuzi. Fundi yeyote angeweza.

Saketi yenyewe nilionyeshwa na fundi umeme wa magari katika gereji moja ya Ilala, kijana aliyekuwa na testa mdomoni na tepu nyeusi mkononi kama bangili. Nilimwuliza taa ya breki inafanyaje kazi, akaitoa testa mdomoni.

"Dada, moto ukitoka kwenye betri lazima urudi kwenye betri. Usiporudi, hakuna taa. Mengine yote ni njia tu."

Njia ni hii. Kutoka betri moto unapita kwenye fyuzi, unafika kwenye swichi iliyo juu ya pedeli ya breki, na hapo unangoja. Unangoja muda wote, kwa kuwa katika magari mengi waya huo haupitii swichi ya ufunguo. Zima gari, toa ufunguo, kanyaga breki, na taa bado zitawaka. Swichi ikifunga njia, moto unakimbia ndani ya waya mrefu chini ya zulia hadi nyuma, unaingia kwenye balbu, unaupasha joto uzi wake mpaka ung'ae, kisha unatokea upande wa pili na kuingia kwenye bodi la gari. Hakuna waya wa kurudia mbele. Chuma chote cha gari ndicho waya wa kurudia, na hicho ndicho mafundi wanachokiita ethi. Balbu ya kawaida ya breki ni ya wati 21. Kwa volti 12, hiyo ni chini kidogo ya ampea mbili kwa kila balbu. Taa tatu zikiwaka pamoja zinavuta ampea tano na kitu.

Swichi ndiyo iliyonifurahisha. Nilidhani mguu unaibonyeza. Ni kinyume. Pedeli ikiwa imetulia, mkono wake wa chuma ndio unaokisukuma kidude cha swichi ndani na kuukata umeme. Ukikanyaga, pedeli inaondoka, springi inakitoa kidude nje, na saketi inafunga. Yaani taa inataka kuwaka wakati wote, na pedeli iliyopumzika ndiyo inayoizuia. Kwenye mkono huo wa chuma, katika magari mengi ya Kijapani na Kikorea, kuna kishikizo cha plastiki au raba kisichozidi ukubwa wa kifungo cha shati. Kikizeeka kikapasuka na kudondoka, kidude cha swichi kinapenya kwenye tundu lililobaki wazi, na taa zinawaka usiku kucha mpaka asubuhi betri haina kitu. Fundi aliniambia wateja huja wakitaka kununua betri mpya. Yeye kwanza huinama na kutafuta vipande vya plastiki kwenye zulia.

Swichi haikukaa kwenye pedeli siku zote. Breki za mafuta zilipoenea, kuanzia na gari la Duesenberg la mwaka 1921, watengenezaji wengi waliona ni rahisi kuiweka kwenye masta silinda au kwenye bomba la breki: dereva akikanyaga, presha ya mafuta inapanda, swichi inafunga. Volkswagen za mgongo wa duara zilikuwa hivyo kwa miongo kadhaa. Mpangilio huo ulikuwa na kasoro mbili. Mguu mwepesi, ule wa kugusa tu, haukuleta presha ya kutosha, kwa hiyo gari lilianza kupungua mwendo kabla ya taa kusema lolote. Na bomba likipasuka mafuta yakamwagika, breki na taa vilikufa pamoja. Swichi ya pedeli huwasha taa kabla breki haijashika tairi, na huiwasha hata kama breki yenyewe haipo. Katika magari ya sasa swichi hiyo hiyo inapeleka habari pia kwenye kompyuta ya gari na kwenye kufuli la gia. Ndiyo maana ukiona gari la otomatiki limegoma kutoka P, fundi mzoefu hukagua kwanza kama taa za breki zinawaka.

Kuna ugonjwa mmoja wa saketi hii ambao nisingeuamini bila kuuona. Balbu nyingi za nyuma zina nyuzi mbili ndani ya kioo kimoja, wa wati 5 kwa taa ya usiku na wa wati 21 kwa breki, na zote mbili hurudi kwa ethi moja. Ethi hiyo ikishika kutu, moto unafika kwenye balbu na kukuta mlango wa kurudia umefungwa. Hautulii. Unapanda kinyumenyume kupitia uzi wa taa ya usiku, unaingia kwenye nyaya za taa nyingine na kutafuta ethi nzima huko. Basi unakanyaga breki na indiketa inang'aa kidogo, au taa ya usiku ya upande wa pili inawaka kwa unyonge, na ile ya breki haifanyi chochote cha maana. Mwenye gari huanza kubadilisha balbu. Dawa ni msasa, boliti moja na kipande cha waya.

Kwa kuwa dereva haioni, taa hii hukaguliwa na watu wawili. Mmoja anakaa ndani, mwingine anasimama nyuma na kupaza sauti: kanyaga, achia, kanyaga tena, ya kulia haiwaki. Aliye peke yake husubiri giza, akarudi nyuma karibu na ukuta na kutazama wekundu kwenye kioo. Mwingine anayekagua, bila kuombwa, ni trafiki.

Kufikia miaka ya 1960 gari la kawaida la Marekani lilikuwa na taa mbili za breki, moja kila upande, karibu na bampa. Magari yaliendelea kugongana kwa nyuma. Mwanasaikolojia wa California aitwaye John Voevodsky aliona tatizo katika ile saketi: inajua mambo mawili tu, imekanyagwa au haijakanyagwa. Haisemi umekanyaga kwa nguvu gani. Mguu uliogusa pedeli kwa mazoea na mguu uliokanyaga kwa sababu kuna mtoto mbele vinawasha taa ile ile kwa mwanga ule ule. Akatengeneza taa ya tatu, ya rangi ya njano iliyokolea, iliyopepesa haraka zaidi kadiri gari lilivyopunguza mwendo kwa nguvu zaidi. Akaifunga kwenye teksi 343 za San Francisco, akaacha teksi nyingine bila taa hiyo ili alinganishe. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1974, baada ya miezi kumi ya majaribio, yalikuwa ya kushangaza: teksi zenye taa ya tatu ziligongwa kwa nyuma mara chache zaidi, kwa asilimia 60.6. Madereva wake waliumia mara chache zaidi kwa kiwango karibu sawa na hicho.

Serikali ilifanya majaribio mengine, na mwaka 1983, Elizabeth Dole akiwa Waziri wa Uchukuzi, ikatoa amri: kila gari dogo jipya kuanzia modeli ya 1986 liwe na taa ya tatu katikati, juu, usawa wa macho ya dereva wa nyuma. Malori madogo yakafuata kwa modeli ya 1994. Lakini sheria ilichukua mahali pa taa ya Voevodsky na kuacha maneno yake. Taa ya tatu iliyoamriwa ni nyekundu na haipepesi. Inasema kile kile kinachosemwa na mbili za chini, kutoka mahali panapoonekana vizuri zaidi. Na kwa kuwa kampuni za Japani zilitaka kuuza Marekani, taa hiyo ikasambaa. Vitz na IST zinazoteremka bandarini Dar es Salaam zina kijisanduku chekundu kwenye kioo cha nyuma ambacho asili yake ni teksi za San Francisco.

Je, ilifanya kazi? Mwaka 1998 shirika la usalama barabarani la serikali ya Marekani lilitoa tathmini. Mwaka 1987, magari yenye taa hiyo yakiwa bado machache, ajali za kugongwa nyuma zilipungua kwa asilimia 8.5. Kuanzia 1989 faida ilishuka na kutulia kwenye asilimia 4.3. Kutoka sitini hadi nne. Taa iliyokuwa ngeni iliwashtua madereva, ikawa ya kila gari, wakaizoea. Hata hivyo watafiti walihitimisha kwamba asilimia nne ya ajali za nchi nzima ni ajali nyingi mno, na kwamba taa inayogharimu dola chache inarudisha gharama yake mara kadhaa. Nakubaliana nao. Ila takwimu hizo zilihesabu kitu kimoja tu, magari yaliyogongana. Gari lililo nyuma yako si lazima liwe la msafiri mwenzako. Linaweza kuwa la doria, na taa tatu badala ya mbili ni sababu moja zaidi ya kusimamishwa.

Mwaka 2009, katika wilaya ya Surry, North Carolina, askari alisimamisha Ford Escort kwa sababu taa yake ya breki ya kulia haikuwaka. Gari likapekuliwa, kokeini ikapatikana, na mwenye gari akashtakiwa. Utetezi ulikwenda kuisoma sheria ya jimbo na kukuta kwamba inadai gari liwe na taa ya kusimama, kwa umoja. Mahakama ya rufaa ya jimbo ikakubali kwamba taa moja inayowaka inatosha, maana yake askari alisimamisha gari lisilo na kosa. Shauri, Heien dhidi ya North Carolina, likapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani.

Kwa Kiswahili mabishano yale yangehamia kwenye kiunganishi. Neno taa halibadiliki kwa umoja wala wingi. Kesi nzima ingening'inia kwenye tofauti ya ya na za.

Tarehe 15 Desemba 2014 mahakama iliamua kwa majaji wanane dhidi ya mmoja. Jaji Mkuu John Roberts aliandika kwamba askari akikosea maana ya sheria, na kosa lake likawa ni la mtu mwenye busara, hatua ya kusimamisha gari haivunji katiba. Sheria yenyewe ilikuwa na kifungu kingine kuhusu taa zote za nyuma zilizokuja na gari, kwa hiyo kuchanganyikiwa kulieleweka. Sonia Sotomayor alibaki peke yake upande wa pili. Alieleza kwamba kusimamishwa na polisi si jambo dogo kwa anayesimamishwa, na kwamba uamuzi ule ulipanua zaidi uwezo wa askari wa kusimamisha watu. Naisoma hoja yake nikikumbuka kwamba mwananchi akikosea maana ya sheria, kwa kawaida anahukumiwa nayo hivyo hivyo.

Haikupita hata miezi minne. Tarehe 4 Aprili 2015, huko North Charleston, South Carolina, askari Michael Slager alisimamisha Mercedes ya mwaka 1991 iliyoendeshwa na Walter Scott, Mmarekani mweusi mwenye umri wa miaka 50. Kamera ya gari la polisi ilinasa maelezo: taa ya breki haiwaki. Ilikuwa ya tatu, ile ya katikati. Scott alitoka kwenye gari akakimbia, na video iliyopigwa na mpita njia ilimwonyesha Slager akifyatua risasi nane kuelekea mgongo wa mtu anayekimbia. Kesi ya mauaji ya jimbo iliishia bila baraza la wazee wa mahakama kukubaliana. Mwaka 2017 Slager alikiri katika mahakama ya shirikisho kosa la kuvunja haki za kiraia za Scott, akahukumiwa miaka 20.

Tarehe 6 Julai 2016, Falcon Heights, Minnesota, Philando Castile, mfanyakazi wa mgahawa wa shule, alisimamishwa na kuambiwa kwamba taa zake za breki ni mbovu, imebaki moja tu inayowaka. Kwenye redio, kabla ya kumsimamisha, askari alikuwa amesema jambo jingine: kwamba waliomo wanafanana na watu waliofanya unyang'anyi. Taa ndiyo iliyotajwa dirishani. Castile alipigwa risasi akiwa amekaa kwenye kiti chake, mpenzi wake na mtoto wa mpenzi wake wakiwa ndani ya gari. Askari aliachiwa huru mwaka uliofuata.

Balbu ya nyuzi mbili ina pini mbili ubavuni zisizolingana urefu wa kukaa, makusudi, ili asiyejua asiiingize kinyume. Kuibadilisha huchukua dakika chache. Agosti 2017 tawi la New Orleans la Democratic Socialists of America liliita watu walete magari yao na kubadilishiwa balbu za breki bure, ili askari wapungukiwe na sababu moja ya kuwasimamisha. Makundi katika miji mingine yakafanya hivyo hivyo.

Minnesota, miezi tisa baada ya kifo cha Castile, shirika liitwalo MicroGrants lilianzisha mpango wa Lights On! Askari akiona taa mbovu hamwandikii dereva faini, anampa vocha ya kwenda gereji kutengenezewa bila malipo. Idara kadhaa za polisi zilijiunga. Anayekabidhi vocha ni askari yule yule aliye nyuma, na ili aikabidhi, lazima kwanza asimamishe gari.